Kifo Kilichouzwa kwa Simu

Marlys Lindahl alikuwa na sauti ya kumfanya mtu avute kiti akae. Haikuwa sauti tamu. Ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo ya kahawa na ya baridi za miaka mingi, sauti ya shangazi anayekuuliza kama umekula. Katika chumba kile cha simu, ghorofa ya pili juu ya duka la mazulia mjini Saint Cloud, walijaa vijana wenye ndimi nyepesi kuliko wake, wenye hedifoni vichwani, wakitembea huku na huko na kurusha mikono kana kwamba mteja anawaona. Lakini mwezi ukiisha, jina la juu ubaoni lilikuwa la Marlys, mjane aliyekaribia miaka sitini, aliyekuja kazini na kibakuli chake cha viazi, nyama ya kusaga na jibini, na kukila bila kuinuka mezani.

Kazi yao ilikuwa hivi. Mtu akidaiwa kodi na serikali kuu akashindwa kulipa, serikali huandikisha dai lake kwenye ofisi ya wilaya, na tangu siku hiyo nyumba yake, gari lake, hata nyundo yake huwa na mkono wa serikali juu yake. Dai hilo si siri, yeyote aweza kulisoma. Kampuni ilinunua majina hayo yakiwa bado ya moto, ikawatumia wenyewe bahasha za kahawia zenye picha ya tai, ambazo mtu mwenye hofu angedhani zimetoka serikalini kwenyewe. Kisha ikapiga simu. "Tutakuombea upunguziwe," ndiyo bidhaa iliyouzwa. Ada ililipwa kwanza, kazi ingefuata. Wapo waliosaidiwa, hasa wenye mambo mepesi. Wengine ada yao ilikwenda na maji, na wao wenyewe wakafuata.

Marlys hakuanza kwa kupiga simu hizo. Alianza kwa kupigiwa.

Verlyn, mumewe, alikuwa mchimbaji wa misingi ya nyumba. Alikuwa na mashine yake ya kuchimbia na vijana wachache aliowaajiri. Kila wiki aliwakata kodi kwenye mishahara kama sheria inavyotaka, na kazi zilipokauka akaichukua kodi ile kuwalipia mishahara iliyofuata, akijiambia ataifidia kazi zikichanganya. Hazikuchanganya. Verlyn hakumwambia mkewe neno. Alipungua tu, kama sabuni. Aliacha kwaya aliyoimba besi tangu ujana, akaacha kumalizia chakula, akawa akiulizwa jambo anaitikia jingine. Siku moja ya Aprili walimkuta amekaa kwenye kiti cha mashine yake, injini inanguruma, mkono bado umeshika usukani, naye amekwisha kufa. Daktari alisema ni moyo.

Matanga hayajapoa, simu ikalia jikoni.

"Naomba kuongea na Bwana Verlyn Lindahl," kijana alisema. "Ni kuhusu dai la serikali juu ya mali yake."

"Dai gani?"

Kijana akamsomea. Ndivyo Marlys alivyojua kilichomla mumewe kutoka ndani.

"Umechelewa, mwanangu," alimwambia. "Yuko makaburini, nyuma ya kanisa. Mpigie huko."

Kijana akababaika, akampa simu meneja. Marlys alikuwa na hasira, ila hasira yake haikuwa ya kelele. Alimweleza yule meneja kila kitu, taratibu, tangu sahani za chakula zilizorudi nusu hadi ile injini iliyokuwa ikinguruma yenyewe uwanjani. Kisha Brock Danner, maana ndilo jina la meneja, akauliza, "Mama, umewahi kufanya kazi ya kuuza?"

Angemkatia simu. Lakini mashine ilikuwa imekwisha chukuliwa, nyumba inaning'inia kwa uzi, na kazi yake ya jikoni shuleni haikutosha hata mafuta ya kupashia nyumba joto. Akaenda. Kufa kufaana, wahenga walisema. Hawakusema kwamba anayefaidika aweza kuwa mjane mwenyewe.

Wiki za kwanza alikuwa bure kabisa. Alisoma maneno aliyoandikiwa kama mtoto anayesomeshwa Biblia. Ndipo siku moja mwanamke wa Brainerd akalia kwenye simu, hawezi kusema, na Marlys akaweka karatasi pembeni, akamhadithia habari za Verlyn ili tu yule mwanamke asilie peke yake. Mwanamke alilipa siku ileile. Brock alikuwa akisikiliza kwenye laini yake.

"Hiyo!" alisema, akija mezani kwake karibu mbio. "Hiyo ndiyo, Marlys. Tupa karatasi. Ongea hivyo hivyo."

"Sikuwa nauza, Brock. Nilikuwa naongea."

"Ndiyo maana amenunua."

Basi akaongea hivyo hivyo, mchana kutwa, siku baada ya siku. Mwanzoni kila akimaliza alikwenda chooni kunawa uso. Baadaye hakwenda. Hadithi ikapata njia yake, kama maji shambani: hapa inapinda, hapa inapumzika, hapa inashuka. Na mahali iliposhuka ndipo watu walipofungua pochi. "Na mpaka leo," Marlys alisema, "kaburi lake halina jiwe, maana hela ya jiwe haikubaki." Hapo upande wa pili husikii hata pumzi. Hesabu hadi tatu, kisha uliza namba ya kadi ya benki.

Lilikuwa neno la kweli. Juu ya Verlyn palikuwa na kijiti cha plastiki tu, kile kinachoachwa na watu wa mazishi, jina limepauka kwa jua. Lakini kamisheni ziliingia, nyumba ikatulia, akanunua gari lisilokohoa, akabadilisha madirisha, na kijiti kikabaki palepale. Theluji ikiyeyuka alisema, mwaka huu naweka jiwe. Ardhi ikianza kuganda tena alisema, basi mwakani. Siku moja Brock alimwambia mbele ya watu, "Siku ukinunua jiwe, Marlys, uniarifu mapema nikupe likizo, maana mauzo yatakufa!" Vijana wakaangua kicheko. Marlys naye akacheka. Jioni ile alipita mbele ya duka la mawe ya makaburi, ambalo lilikuwa njiani kwake siku zote, akaona taa zinawaka ndani, na hakupunguza mwendo.

Mwezi wa Oktoba kompyuta ikampigia mtu aitwaye Leander Voit, kijijini upande wa magharibi.

"Voit, mawe ya kumbukumbu," iliitikia sauti ya mzee.

"Bwana Voit, naitwa Marlys. Nakupigia kuhusu lile dai la..."

"Wewe wa ngapi leo? Asubuhi kanipigia mmoja wa California, ananiita rafiki yangu. Nikamwambia, rafiki zangu wote nimeshawachongea mawe."

Marlys alicheka kabla hajajizuia, kicheko chake mwenyewe. Mzee akakisikia, akalegea. Walizungumza. Habari yake ilikuwa ileile ya Verlyn, kama ndugu wa tumbo moja. Alikuwa na wafanyakazi watatu, biashara ikasinyaa. "Watu siku hizi wanachomwa, wanatiwa kwenye kopo, kopo linawekwa juu ya kabati pamoja na saa," alisema. "Nani anataka jiwe? Nikaona heri nidaiwe na Washington kuliko kumwambia Cyril hana kazi wiki ya Krismasi. Nikadhani wale wana pesa nyingi, watanisahau."

"Hawasahau, Bwana Voit."

"Nimeona."

Basi akamhadithia. Hadithi ikapinda mahali pa kupinda, ikashuka mahali pa kushuka, akasema lile neno la kaburi, akanyamaza ahesabu. Lakini mzee hakunyamaza kama wengine.

"Hana jiwe?"

"Hana."

"Miaka mingapi sasa?"

"Unaingia wa tatu."

"Amelala wapi?"

Marlys alimwambia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza, na hakuwa na jibu lililotayarishwa.

"Na Verlyn inaandikwaje? Kwa y?"

Akamtajia herufi moja moja. Kisha akauliza namba ya kadi, kwa sababu ndiyo kazi, na mzee akamtajia. "Kama wewe umepita humo ukatoka unaongea," alisema, "basi nitakuamini wewe."

Marlys akamalizia na agizo walilopewa wateja wote. Sasa sisi ndio tunaosema na serikali kwa niaba yako. Simu yao ikija, usipokee. Barua yao ikija, usiifungue, tutumie sisi. Watu walilipenda agizo hili kuliko yote. Ulisikia kabisa pumzi zikiwatoka.

Baridi ikaingia. Leander akawa na desturi ya kumpigia Ijumaa alasiri, si kwa ajili ya kodi, ila kuuliza huko kwenu theluji imefika wapi. Alimhadithia habari za Rosalia, mkewe aliyemtangulia, ambaye hata kwa bunduki usingemfanya akupe siri ya supu yake ya kabichi. Marlys naye, siku moja, akamwambia kwamba Verlyn alikuwa akiimba besi, na kwamba akiimba ulisikia ubao wa benchi la kanisa ukitetema. Hilo hakuwahi kumwambia mteja yeyote. Alishangaa kuona bado lipo, halijachakaa.

"Na lile faili langu?" mzee aliuliza mara mojamoja, kama anayeona haya.

"Liko kwa mawakili, linasonga," Marlys alijibu, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa akajibu. Hakwenda kulitazama. Katika ofisi ile, muuzaji aliyeulizauliza juu ya mafaili alipewa majina mabovu ya kupigia, ya watu wenye namba zilizokatwa na ya wafu.

Aprili, barafu ilipoanza kutoka, Leander alipiga simu siku isiyokuwa Ijumaa.

"Jumamosi njoo huku karakana," alisema. "Usile kwanza, kuna supu. Nimeikisia ile ya Rosalia. Si yenyewe, lakini haiui."

Marlys alioka chapati zake nyembamba za viazi, akazifunga kwenye kitambaa, akaendesha gari kati ya mashamba yaliyokuwa bado meusi na maji. Karakana ilikuwa banda refu la bati kando ya reli. Ndani kila kitu kilivaa vumbi jeupe, winchi, mashine ya kupulizia mchanga, tindo zilizopangwa kwa ukubwa ukutani. Leander mwenyewe alikuwa mrefu kuliko sauti yake, na vumbi lilikuwa limeingia kwenye mikunjo ya uso likabaki humo. Walikuwa hawajawahi kuonana. Walisalimiana kwa mkono, kila mmoja akamwonea mwenzake haya kidogo.

"Njoo uone," alisema, akavuta blanketi.

Lilikuwa jiwe la graniti ya kijivu, halikung'arishwa kupita kiasi, kingo zimeachwa na mikwaruzo ya machimbo. VERLYN LINDAHL. Miaka yake. Chini ya jina, mahali ambapo watu huomba mikono iliyofumbatana au shada la maua, palikuwa na mistari ya muziki na noti chache za sauti ya chini, zimechongwa kwa mkono, si kwa mashine.

"Upande wako nimeuacha mtupu," mzee alisema. "Sina haraka na wewe."

Marlys alinyoosha kidole akagusa ile y. Miaka yote hiyo amelitaja jina lile kwa watu asiowajua, mara ngapi kwa siku, na sasa aliliona limekaa kimya mahali pamoja, likamwogopesha kama mtu aliyerudi.

"Leander, ni kiasi gani? Nina hela. Nakuapia ninayo."

"Usinitukane nyumbani kwangu. Mtu asiwe na jiwe kwa sababu ya kodi! Hapana. Ardhi ikikauka tutalisimamisha mimi na Cyril. Kaa, supu inapoa."

Walikula kwenye benchi la kazi. Ndipo mzee, akifuta bakuli kwa kipande cha chapati, akasema kama anayesimulia habari ya hali ya hewa, "Jumatano nilikwenda benki, binti wa dirishani ananiambia akaunti haina kitu. Eti serikali imechota yote. Nikamwambia, haiwezekani, mimi nina watu wangu, faili linasonga. Ni makosa tu, eh? Utawaambia Jumatatu."

Marlys aliweka kijiko chini.

"Barua zao ulizituma?"

"Zote! Sikufungua hata moja. Kama ulivyoniambia."

Jumatatu alifika kazini kabla ya wote, akafungua faili la Leander Voit kwenye kompyuta. Barua zilikuwamo, kila moja imepokelewa na kupigwa picha na karani, zimepangwa vizuri. Hakuna aliyezisoma. Ya mwanzoni mwa baridi ilisema kwa maneno mepesi kwamba serikali itachukua mali yake, na kwamba ana mwezi mmoja wa kuomba asikilizwe kwanza, na akiomba, mkono utasimama. Hakuna aliyeomba. Mwezi ule ulikwisha wakati yeye na Leander wanapigiana soga za theluji.

Alimngoja Brock mlangoni kwake.

"Voit alilipia hatua ya kwanza," Brock alisema baada ya kutazama. "Hatua ya kwanza ni uchunguzi. Hatua ya pili hakulipia."

"Nani alimwambia kuna hatua ya pili?"

"Imo kwenye mkataba."

"Brock, tumemwambia mtu asifungue barua. Amekaa nazo kama mtoto mwema, hajafungua, anatuletea sisi. Na sisi tumezitupa ndani ya sanduku."

"Marlys. Mama." Akafunga mlango. Hakuwa mtu mkali, na hilo ndilo lililomfanya awe hodari. "Yule mzee angeanguka tu. Sisi ndio tuliomdai? Sisi ndio tuliokula kodi ya wafanyakazi wake? Sisi tulimpa miezi sita ya kulala usingizi. Hata hilo lina bei. Na wewe usisahau nyumba yako imesimama kwa nini."

Lile la nyumba lilikuwa kweli, na Marlys alijua. Akarudi mezani, akavaa hedifoni. Miaka ya mazoea ina nguvu. Mikono ilifanya yenyewe. Kompyuta ikampigia mwanamke wa Mankato mwenye saluni, na Marlys akamsikia akianza kuogopa, akaanza kumhadithia. Sahani zilizorudi nusu. Injini iliyokuwa ikinguruma. "Na mpaka leo," alisema, "kaburi lake..."

Akasimama hapo.

"Haloo?" mwanamke aliita. "Dada, upo?"

"Nipo. Una kalamu hapo ulipo?"

"Ninayo."

"Andika. Namba ninayokupa ni ya serikali yenyewe, kupiga ni bure. Waombe mpango wa kulipa kidogo kidogo, hawakatai kama unavyodhani. Wakikukalia vibaya, chuo cha sheria pale Minneapolis kina watu wa kukusaidia bila ada. Na bahasha zao zifungue. Zote, leo hii, hata kama unatetemeka. Kampuni ikikupigia kama hivi nilivyokupigia mimi, kata simu."

Laini ilikufa. Brock alikuwa ameikata. Chumba kizima kilikuwa kinamtazama. Marlys akavua hedifoni, akachukua kibakuli chake na koti, akashuka ngazi. Hakuna aliyemzuia, na hakuna aliyemuaga.

Aliendesha moja kwa moja hadi karakana. Leander alikuwa amesimama chini ya winchi na Cyril, mfanyakazi wake wa mwisho. Alipouona uso wa Marlys akamwambia Cyril akanywe kahawa.

Alimweleza yote, amesimama, mikono ndani ya mifuko ya koti. Alimweleza habari ya barua na ya ule mwezi wa kuomba uliokwisha bure. Kisha akamweleza na lile ambalo hakuulizwa, kwamba hela ya jiwe alikuwa nayo tangu mwaka wa kwanza, hakulinunua kwa sababu kaburi tupu liliuza vizuri zaidi. Mzee alisikiliza huku akifuta tindo moja kwa kitambaa, akiifuta na kuifuta.

"Ile habari ya mumeo," akasema mwishowe. "Ilikuwa kweli, au walikuandikia?"

"Kweli. Kila neno."

"Umewaambia wangapi?"

"Sijui, Leander. Wengi."

Akatikisa kichwa polepole. "Ingekuwa uongo ningekasirika, yakaisha," alisema. "Hii sijui niifanyeje."

Asubuhi iliyofuata Marlys alimpeleka Minneapolis. Njia nzima hawakusema zaidi ya kuulizana kama dirisha lifunguliwe. Pale chuoni waliketi na mwalimu wa sheria aitwaye Paulette Xiong, mwanamke mdogo wa umbo aliyesoma kila karatasi mara mbili kabla ya kufungua mdomo.

"Mngekuja kabla ya mwaka mpya," alisema, "karakana tungeiokoa. Nisingehitaji hata kutoa jasho. Sasa nyumba nadhani nitaiokoa. Karakana, hapana."

"Hata mashine?" Leander aliuliza.

"Hata mashine, mzee wangu. Pole sana."

Ikawa hivyo. Nyumba ilipona. Bi Xiong alisaidia pia kuandika malalamiko dhidi ya kampuni, Marlys akatoa ushahidi wake ukaandikwa na kutiwa sahihi. Kampuni ikafungwa, na kabla kiangazi hakijaisha bahasha za kahawia zilianza tena kufika majumbani, zina jina jingine na tai yuleyule.

Mnada ulifanyika Juni, mbele ya banda la bati. Ofisa wa serikali, kijana mwenye adabu na uso uliochomwa na jua, alikuwa amebandika kikaratasi juu ya kila kitu. Kikaratasi kimoja kilikuwa juu ya jiwe la Verlyn.

"Hilo ni zawadi yangu kwa huyu mama," Leander alimwambia.

"Lilikuwa limekabidhiwa?"

"Ardhi ilikuwa haijakauka."

Kijana akainamisha macho. "Basi bado ni mali ya karakana, bwana. Samahani. Ningeweza ningeliruka."

Dalali aliuza winchi, akauza mashine ya mchanga, akauza tindo kwa kifungu kimoja. Alipofika kwenye jiwe watu walicheka kidogo, maana nani anunue jiwe lenye jina la marehemu wa mtu mwingine. Marlys akainua mkono. Mfanyabiashara mmoja wa graniti naye akainua wake, akipiga hesabu kwamba jina hufutika kwa saa moja ya kusaga. Wakapandishana. Yule mtu alikuwa akilitazama jiwe, si mwanamke, mpaka Cyril alipomsogelea akamnong'oneza. Uso ukambadilika, akashusha mkono, akavua na kofia. Marlys akalipa kwa hela za kamisheni, bei kamili ya jiwe, ikaingia serikalini kupunguza deni la aliyelichonga.

Wiki ile Leander alikuja makaburini na pikapu ya Cyril, akachimba kitako, akamwaga kokoto, akalisimamisha jiwe. Marlys aliposogea asaidie alimkatalia, kisha akamwachia ashike pima maji. Jiwe liliposimama wima Leander alipitisha kiganja juu ya zile noti, kama mtu anayeondoa vumbi, ingawa vumbi halikuwepo.

"Nimekuja na kahawa," Marlys alisema.

"Asante. Cyril anangoja."

Alisikia kwa Bi Xiong kwamba mzee ameiacha nyumba iliyookolewa, kwamba bila karakana hakuwa na sababu ya kuamka, na binti yake amemchukua kwake Fargo. Marlys naye alikuwa amerudi jikoni shuleni, akipakua viazi kwa watoto waliomwita bibi. Ijumaa moja ya Oktoba, alasiri, akampigia.

"Haloo?" Sauti ilikuwa nyembamba.

"Ni Marlys."

Kwa mbali runinga ilikuwa inaongea.

"Huko kwenu theluji imefika?" Marlys aliuliza.

"Bado. Upepo tu. Hapa hakuna miti." Akakohoa. "Wamenipa chumba chenye dirisha kubwa. Si pabaya."

"Nafurahi. Nilitaka kujua tu unaendeleaje."

"Marlys," alisema, "usinipigie tena. Si kwa hasira. Hasira sina, nimeitafuta sikuipata. Ila simu ikilia mpaka leo moyo unaruka, nadhani ni wao. Sasa ikiwa ni wewe unaruka vilevile. Sitaki uruke kwa ajili yako."

"Sawa, Leander."

"Ulinichekea ile siku ya kwanza. Kicheko hicho nakiweka."

"Sawa."

Hakukata yeye, wala Marlys hakukata. Walisikilizana wakipumua, runinga ikiendelea kule Fargo, mpaka mtu fulani mle ndani alipomwita mzee akale. Akajibu kwamba anakuja, na laini ikafungwa.

Marlys alikaa na simu mkononi. Chungu jikoni kilianza kuchemka, kifuniko kikacheza, na alikiacha kicheze kwa muda kabla ya kuinuka.